Undugu ni Kufaana

Uvunguni mwa kitanda cha marehemu baba kulikuwa na sanduku la bati la rangi ya kijani iliyokwisha kubabuka. Juu ya kifuniko chake ziliandikwa herufi tatu nyeupe: E.A.R., yaani Reli ya Afrika Mashariki. Baba alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Moshi. Alianza kazi akiwa kijana wakati wa mkoloni, akaendelea baada ya Uhuru, na miaka yote hiyo alihesabu magunia ya kahawa bila kujiuliza sana kama mwajiri wake alikuwa Mtanzania, Mkenya au Mganda. Mwajiri wake alikuwa reli, basi.

Shangazi yangu, dada wa pekee wa baba, aliolewa Taveta, ng'ambo ya pili ya mpaka. Sisi watoto hatukuuona mpaka huo. Tulichojua ni kwamba ukipanda gari moshi la kwenda Voi, kabla ya kufika Voi utashuka Taveta, na shangazi atakuwa amekungojea na ndizi za kuchoma.

Februari 1977 mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa. Mwaka 1979 bibi yangu, mama yao, alifariki. Habari zilimfikia shangazi siku ya nne, zikipelekwa na mchuuzi mmoja aliyezifahamu njia za panya. Shangazi alivuka porini usiku kwa miguu, akafika kihambani kwetu akakuta udongo wa kaburi umekwisha kukauka. Hakulia kwa sauti. Alimgeukia baba akamwuliza: "Kaka, mimi na mama tulikuwa na ugomvi gani?"

Baba hakumjibu. Aliinama akaokota jani lililoanguka juu ya kaburi. Nami, niliyekuwa kijana wa miaka 16, nililibeba swali lile. Baadaye nikawa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, na kila nilipofika kwenye somo la Jumuiya ya Afrika Mashariki, wanafunzi walinakili ubaoni "sababu za kuvunjika", moja hadi saba, lakini mimi mwenyewe nilihisi kwamba orodha ile haikumjibu shangazi. Ikanibidi nisome jinsi watu wa mabara mengine walivyojaribu kuungana: nani aliweza, nani alishindwa, na kwa nini. Haya ninayoyaandika ni matokeo ya kusoma huko.

Tuanze na sisi wenyewe. Kama kufanana kungetosha kuwaunganisha watu, basi duniani kote hapangekuwa na muungano imara kuliko wetu. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Kenya na Uganda ziliingia katika umoja wa forodha mwaka 1917, na Tanganyika ikaunganishwa nao katika miaka ya 1920. Tangu mwaka 1919 palikuwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na shilingi iliyonunua chumvi Bukoba ndiyo iliyonunua chumvi Kisumu. Posta ilikuwa moja, shirika la ndege moja, Mahakama ya Rufani moja, na kwa muda hata Chuo Kikuu kilikuwa kimoja. Juu ya yote hayo, tulikuwa na Kiswahili. Nchi za Ulaya, mpaka leo, hazina lugha moja ambayo mchuuzi wa nchi hii na mwenzake wa nchi ile wanaweza kupatania bei.

Wala viongozi wetu hawakukosa nia. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alisema yu tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi zetu ziingie katika uhuru zikiwa shirikisho. Tarehe 5 Juni 1963 yeye, Kenyatta na Obote walitoa tamko Nairobi kwamba shirikisho litaundwa kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ulikwisha, shirikisho halikuja. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa sarafu yake. Ndipo, ili kuokoa kilichobaki, ukatiwa saini Mkataba wa Kampala tarehe 6 Juni 1967, na Jumuiya ikaanza rasmi tarehe 1 Desemba mwaka huo.

Sasa tutazame kwa makini nyumba hii ilivyokuwa. Ilijengwa na mkoloni kwa mahitaji yake, na aliijenga imeinamia upande mmoja. Viwanda, mabenki na makampuni makubwa yalikaa Nairobi. Tanganyika na Uganda zilinunua bidhaa za viwanda vya Kenya kwa bei iliyolindwa na ushuru wa pamoja, lakini ajira na faida zilibaki huko zilikotengenezwa. Waliotunga Mkataba waliliona jambo hili. Makao makuu ya Jumuiya yaliwekwa Arusha, ya bandari Dar es Salaam, ya posta Kampala, huku ya reli na ya ndege yakibaki Nairobi. Ikaundwa Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, ambayo kila nchi ilichangia sawa, lakini uwekezaji wake ulipangwa uende asilimia 38.75 Tanzania, asilimia 38.75 Uganda na asilimia 22.5 Kenya. Ikawekwa pia kodi maalumu, ili nchi iliyo nyuma iweze kuvilinda viwanda vyake vichanga dhidi ya vya jirani. Mambo haya yalikuwa ya busara, lakini dawa ilikuwa kidogo na ugonjwa ulikuwa mkubwa. Mwenye nacho aliona anadaiwa mno, na asiyenacho aliona anapewa makombo.

Usidhani, msomaji wangu, kwamba ugonjwa huu ulikuwa wetu peke yetu. Mwishoni mwa 1960 nchi za Amerika ya Kati zilianzisha soko lao la pamoja: Guatemala, El Salvador, Honduras na Nicaragua, kisha Costa Rica ikawafuata. Nao walifanana kupita kiasi. Wote walizungumza Kihispania, wengi wao walikuwa Wakatoliki, na walikuwa wamepata kuwa shirikisho moja katika karne ya 19. Biashara kati yao ilikua haraka. Lakini viwanda vilijazana zaidi Guatemala na El Salvador, na Honduras ikabaki mnunuzi wa bidhaa za jirani zake. Wakati huohuo, Wasalvador maskini wapatao laki tatu walikuwa wamehamia Honduras kutafuta mashamba. Mwaka 1969 maelfu yao walifukuzwa. Julai mwaka huo nchi hizo mbili zikapigana kwa siku nne, vita ambavyo magazeti yaliviita "vita vya kandanda" kwa sababu timu zao zilikuwa zimetoka kukutana katika michuano ya kufuzu Kombe la Dunia. Watu waliokufa walihesabiwa kwa maelfu, na mpira haukuwa sababu hata kidogo. Mwishoni mwa 1970 Honduras ikajiondoa katika soko la pamoja.

Niliposoma habari hizo kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Lugha moja, dini moja, historia moja, na bado! Nikaukumbuka msemo wa wazee wetu kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Nilikuwa nimeusikia tangu utotoni, nikidhani ni maneno ya kumsuta ndugu mchoyo tu. Kumbe wazee walikuwa wanazungumzia mataifa pia.

Sasa twende Ulaya, kwa watu wasiofanana na waliokuwa na kila sababu ya kuchukiana. Ufaransa na Ujerumani zilipigana mwaka 1870, zikapigana mwaka 1914, zikapigana tena mwaka 1939. Hata hivyo, tarehe 9 Mei 1950, miaka mitano tu baada ya bunduki kunyamaza, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, Robert Schuman, alitoa tamko lililoandaliwa na Jean Monnet na wenzake. Hakuomba Wafaransa na Wajerumani wapendane. Alipendekeza kwamba makaa ya mawe na chuma cha pua vya nchi zote mbili viwekwe chini ya mamlaka moja, na nchi nyingine zikaribishwe. Makaa na chuma ndivyo vilivyotengeneza mizinga, na yeyote ambaye chuma chake kinasimamiwa pamoja na cha jirani hawezi kuunda mizinga kwa siri. Mkataba ulitiwa saini Paris tarehe 18 Aprili 1951 na nchi sita: Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg.

Kuna jambo moja juu ya Schuman ambalo vitabu vingi hulipitia haraka, nami nilisimama hapo kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa mpakani. Alizaliwa Luxembourg mwaka 1886, na asili ya baba yake ilikuwa Lorraine, jimbo la Ufaransa lililotwaliwa na Ujerumani baada ya vita vya 1870. Hivyo alikua akiwa raia wa Ujerumani, na baada ya 1918, jimbo liliporudishwa, akawa Mfaransa. Mwenzake wa Italia, Alcide De Gasperi, alizaliwa chini ya utawala wa Austria, na kabla ya kuwa mwanasiasa wa Italia alipata kuwa mbunge huko Vienna. Nawaza kwamba watu kama hawa walilijua swali la shangazi yangu kabla halijaulizwa. Walijua maana ya kulala raia wa nchi moja na kuamka wa nchi nyingine, hali wewe hukugombana na mtu.

Pengine ndiyo sababu walijenga kwa tahadhari. Nataja mambo matatu tu. Kwanza, mamlaka ile ya makaa na chuma ilikuwa na fungu lake yenyewe, lililotokana na tozo juu ya uzalishaji, na haikungoja hisani ya hazina ya nchi yoyote. Pili, waliuliza tangu mwanzo nani ataumia. Migodi ya Ubelgiji ilikuwa na gharama kubwa na isingeweza kushindana, hivyo kwa miaka ya mwanzo tozo iliyokatwa kwenye makaa ya Ujerumani na Uholanzi ilikwenda kuisaidia, na mfanyakazi aliyepoteza kazi aliwekewa fungu la kumsaidia ajifunze kazi nyingine. Tatu, waliweka mahakama ambayo hata kampuni ya kawaida iliweza kuipelekea malalamiko yake.

Wala hawakukosa ugomvi. Mwaka 1954 mpango wao wa jeshi moja ulikataliwa na bunge la Ufaransa. Hawakuvunja kilichokuwepo, ila walirudi kwenye biashara, na mwaka 1957 wakatia saini Mkataba wa Roma ulioanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Mwaka 1965 Rais de Gaulle wa Ufaransa alikasirika juu ya fedha za kilimo na juu ya kura za wengi kuwashinda wachache, akawaondoa mawaziri wake katika vikao kwa muda wa miezi saba hivi. Kiti cha Ufaransa kilikaa kitupu. Lakini ofisi ziliendelea kufanya kazi, mahakama ikaendelea kukaa, mishahara ikalipwa, na Januari 1966 wakapatana huko Luxembourg. Hata Uingereza ilipoamua kutoka, ikatoka tarehe 31 Januari 2020 kwa utaratibu ulioandikwa, baada ya mabishano makali na marefu, bila nyumba kuwaangukia waliobaki.

Linganisha na kilichotupata sisi. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba alikuwa na haki ya kukataa. Lakini chombo cha juu cha Jumuiya, yaani Mamlaka ya Afrika Mashariki, kilikuwa ni marais watatu wenyewe. Walipoacha kukutana, hapakuwa na mwingine wa kuamua. Tangu hapo hawakuketi tena hata mara moja. Mawaziri walijitahidi, watumishi wakaendelea kupiga mihuri, lakini makusanyo ya reli yakaanza kubaki katika nchi yalikokusanywa badala ya kupelekwa makao makuu. Mapema mwaka 1977 ndege za Jumuiya ziliacha kuruka, na kufikia Julai mwaka huo hapakuwa na bajeti ya kuiendesha Jumuiya yenyewe. Kiti kimoja kilipokuwa kitupu, nyumba yote ilianguka.

Baadaye alitafutwa mpatanishi, Mswisi aliyeitwa Victor Umbricht. Ilichukua miaka hadi ukatiwa saini mkataba wa kugawana mali na madeni, Arusha, tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Injini, meli na majengo vilihesabiwa kimoja kimoja. Nilimsomea baba habari ile gazetini. Akasema, "Wamegawana mabehewa. Na sisi tuliokuwa ndani yake?"

Najua msomaji mmoja ataniambia kwamba Ulaya ni matajiri, na tajiri hakosi namna. Nilikuwa na mawazo hayohayo mpaka nilipoitazama Asia. Tarehe 8 Agosti 1967, miezi miwili tu baada ya saini za Kampala, mawaziri wa Indonesia, Malaysia, Ufilipino, Singapore na Thailand walikutana Bangkok wakaanzisha ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini Mashariki mwa Asia. Hawakuwa matajiri, wala hawakuwa marafiki. Indonesia ilikuwa imetoka tu katika mapigano na Malaysia, Singapore ilikuwa imetengana na Malaysia mwaka 1965, na Ufilipino ilikuwa ikidai kwamba Sabah, jimbo la Malaysia, ni lake. Hawakuwa na reli moja wala shilingi moja. Walichotia saini ni hati fupi ya kuahidi kukutana na kushirikiana. Mtu aliyesimama mwaka ule akaulizwa ipi itadumu, ile ya Kampala au ile ya Bangkok, bila shaka angeichagua ya Kampala.

Mwaka uliofuata Malaysia na Ufilipino zilivunja uhusiano wa kibalozi kwa ajili ya Sabah. Hapa ndipo ninapotaka tutazame. Majirani wengine hawakuchukua upande. Waliwasihi wagomvi waliweke dai lile kando bila kulifuta, na Desemba 1969, katika mkutano wa mawaziri wa ASEAN, uhusiano ukarejeshwa. Wakuu wa nchi wenyewe hawakukutana rasmi mpaka Februari 1976 huko Bali, na sekretarieti yao ya Jakarta ikaundwa mwaka huohuo. Biashara huria waliikubali mwaka 1992, baada ya robo karne. Mwaka 1995 wakampokea hata Vietnam, adui wao wa jana. Sitaki kuwapamba: utaratibu wao wa kutoingiliana umewafanya wakose nguvu mbele ya maovu ya mwenzao, kama ilivyoonekana baada ya wanajeshi kupindua serikali ya Myanmar mwaka 2021. Lakini chombo chao kinaelea.

Kwa hiyo nimefikia kuamini jambo moja. Jumuiya hazifi kwa kukosa upendo, wala hazidumu kwa kufanana. Zinadumu pale ambapo anayeumia ana mahali pa kusemea, na pale ambapo kazi inaendelea hata kama wakubwa wamenuniana. Ulaya walitegemea sheria na mahakama. Asia walitegemea subira na desturi ya kuonana. Sisi na wenzetu wa Amerika ya Kati tulitegemea kwamba ndugu hawatagombana, ilhali kila aliyelelewa katika nyumba yenye watoto wengi anajua kwamba ndugu ndio hugombana zaidi.

Tumejaribu tena. Mkataba mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kufanya kazi tarehe 7 Julai 2000. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Watu hufurahia ukubwa huo. Mimi hutazama mambo mengine. Novemba 2018 mkutano wa marais uliahirishwa kwa sababu nchi moja haikufika, nao haukuweza kukaa bila wote. Nilipoisikia habari ile nilihisi baridi mgongoni, nikikumbuka 1971. Lakini ofisi za Arusha hazikufungwa, na Februari 2019 marais wakaketi. Mwaka huohuo wa 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 2022. Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda. Kila niliposikia taarifa kama hizo niliwaza kwamba pengine kuna mwanamke upande mmoja na mama yake upande wa pili.

Hata hivyo, katika Mkataba wa sasa kuna kifungu ambacho wa 1967 haukuwa nacho. Mkazi wa kawaida wa nchi mwanachama anaweza kuipeleka serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, akilalamika kwamba imeuvunja Mkataba. Ni wachache wanaokijua kifungu hicho, na wachache zaidi wana nauli ya kukifuata. Nilipokuwa nikifundisha niliwaambia wanafunzi wangu wakikariri hicho hata kama watasahau sababu saba za kuvunjika.

Shangazi alifariki Taveta miaka michache iliyopita, akiwa mzee sana. Nilipata simu alfajiri. Siku hizi Holili na Taveta zina vituo vya pamoja vya mpakani, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Kijana mmoja alipokea hati yangu, akaniuliza ninakwenda kufanya nini. Nikamwambia ninakwenda kumzika shangazi. Akagonga muhuri, akasema, "Pole sana, mzee. Pita." Nilifika kabla jeneza halijatoka ndani.

Wakati wa kufukia nilichota udongo wangu wa kwanza nikalikumbuka lile swali lake. Ningependa kumjibu hivi: Shangazi, wewe na bibi hamkuwa na ugomvi wowote. Waliokuwa na ugomvi walikuwa wengine, na wakati ule hapakuwa na mlango ambao wewe ungeweza kuubisha. Sasa mlango upo. Tuliobaki tuna kazi ya kuubisha mara kwa mara, usije ukaota kutu.